Tochi Iko Msumarini

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Najua ni kichekesho mtu kumwandikia barua aliye chumba cha pili, hasa ukiwa wanisikia nikikohoa. Mamako amepita hapa sasa hivi akaniuliza, "Waandika nini, Baba Salma? Wosia?" Nikamwambia ni mambo ya kazini. Akanitazama kwa lile jicho lake, akasema, "Mambo ya kazini ndiyo yakutoe machozi?" Si machozi, ni jasho, feni imelemaa tena. Akikwambia vingine usimwamini.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kutotembea peke yako magharibi. Hayo mamako ameyamaliza na bado ana akiba. Mimi nakuandikia juu ya lile lililotutenganisha jana pale ufuoni Mama Ngina, ukanyanyuka ukaacha muhogo wako ukipoa kwenye gazeti, na pilipili yake na ndimu yake.

Ulikuwa ukinisomea mpango wako wa paredi. Mwalimu mkuu wa huko bara ya Kwale alikupigia simu kabla hujavuka hata feri, akakwambia kwa sauti ya asali kwamba wewe ndiye utakayeshika paredi za skuli nzima, kwa kuwa wewe ni kijana, una mawazo mapya, na watoto wa huko wahitaji kujengwa tabia. Wewe ulifurahi. Mimi nilichojiuliza ni hiki: hao walimu walioko huko miaka yote, mbona hapana hata mmoja aliyeitaka kazi hiyo? Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe wapewa jembe hata gari hujapanda. Lakini nikatafuna muhogo wangu.

Ukaendelea kusoma. Wimbo, igizo fupi la watoto wenyewe, kisa, na mwisho Nyota ya Wiki. Mtoto aliyetenda wema ataitwa mbele, atavishwa nyota ya karatasi ya dhahabu, na skuli nzima itampigia makofi. Hapo uso wangu ukanisaliti.

"Nini tena, Baba?" ukaniuliza.

"Hapana kitu."

"Kipo. Ushatoa lile jicho la geti."

"Nauliza tu. Huyo mtoto aliyetenda wema, mtajuaje kama ametenda?"

"Wenzake watasema. Au atasema mwenyewe."

"Mwenyewe?"

Ukakunja karatasi yako mara mbili, ukaitia mkobani. "Baba, wewe una shaka hata na makofi," ukasema, kisha ukatangulia nyumbani.

Ni kweli. Nina shaka na makofi. Nataka nikwambie shaka hiyo nimeitoa wapi, halafu ufanye uonavyo. Wewe ndiye mwalimu. Mimi niliishia darasa la saba, na Qur'ani niliyohitimishwa kwa bakora.

Kazi yangu waijua, lakini sidhani nimewahi kukueleza inamfanya nini mtu. Pale getini kwenye yadi ya kontena, Shimanzi, kila anayetoka hunyanyua mikono: mpakiaji, karani, dereva, hata mama wa chai na birika lake. Napapasa kwapa, kiuno, soksi, nasema, "Haya, nenda." Kazi hiyo haitaki werevu. Yataka tu usimwamini mtu. Na ukishaifanya muda mrefu, kutoamini huwa kama harufu ya dizeli: waioga, wajifuta, wavaa kanzu safi, na bado mkeo aisikia.

Alikuwapo mpakiaji mmoja, Karisa, Mgiriama, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Yeye alikuwa akinyanyua mikono angali mbali, hata geti hajalifikia. Wenzake wakimtania, "Karisa, washika mawingu?" Mimi nikamtia moyoni. Nikasema, mtu anayekimbilia kupekuliwa ana lake jambo. Nikawa nampekua mara mbili mbili, namvua viatu, namkunjua tambara lake la kichwa. Sikupata kitu. Na kila nilipokosa nilizidi kushuku, kwa kuwa mwizi wa kawaida hupatikana, asiyepatikana ndiye mwizi hodari. Waona jinsi akili ile inavyokwenda?

Siku moja ya Ramadhani alikuja akakaa nasi wakati wa futari, akala tende kama sote. Nikamuuliza, "Karisa, mbona wanyanyua mikono kabla hujaambiwa?" Akasema mahali alipokuwa akifanya kazi zamani alichelewa kunyanyua, askari akamtia kofi la uso, na mkewe amesimama pale pale na chakula alichomletea. "Tangu hapo, Mzee, mikono yanyanyuka yenyewe," akasema. "Hata kanisani." Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi tende yangu niliirudisha sahanini.

Mshike akilini Karisa, nitamrudia.

Sasa nije kwa skuli yako ya msingi, uliyosoma. Wakati ule paredi ya Alhamisi ilikuwa ya Mwalimu Kenga, yule mrefu wa kutoka Kaloleni, aliyekuwa akivaa tai hata jua likiwa la kuua. Yeye ndiye aliyeleta ile desturi ya Mikono Safi. Mtoto akiokota kitu cha mwenzake akakileta, aliitwa kwenye ngazi, akafungwa utepe wa kijani mkononi, na skuli nzima ikampigia makofi ya kilo, yale ya kupigwa kwa mpangilio. Jambo jema, nani wa kulikataa? Dini yetu yasema amana irudi kwa mwenyewe, na ya watu wa kanisa yasema hivyo hivyo. Mimi niliipenda kuliko wote.

Utepe wako wa kwanza ulikuwa wa haki. Uliopoa kiatu cha mtoto wa darasa la kwanza kilichotumbukia mtaroni, ukarudi nyumbani wanuka hadi mamako akakuogeshea uani. Mimi nikautundika utepe ule ukutani, juu ya redio, kila mgeni nikamwonyesha. "Mwanangu ni mwaminifu, si maneno yangu, skuli yenyewe imesema." Mamako akanambia, "Mwache mtoto apumue, Baba Salma. Uaminifu si picha ya harusi." Sikumsikia. Ikawa kila Alhamisi ukirudi nakuuliza, "Leo umepata?" Ukisema hukupata, nilikuwa nasema, "Haya." Neno moja tu. Lakini sauti yake naisikia mpaka leo, na kama ningekuwa mtoto ningefanya kila njia nisiisikie tena.

Kisha vitu vikaanza kupotea skulini. Na hili ndilo la ajabu: kadiri vilivyookotwa ndivyo vilivyozidi kupotea. Penseli, mitandio, vifutio, kopo la maji la mtoto wa jirani lililopotea na kuokotwa hadi likachakaa. Mamako akasema, "Penseli za mwaka huu zina miguu." Mimi nikatambua pale pale. Getini, mtu akikuletea kila siku kufuli aliloliokota, humpi chai; wamuuliza kufuli hilo jana lilikuwa wapi. Nikaanza kuwashuku watoto wa watu. Yule anayevuka na feri kila asubuhi, kwa kuwa viatu vyake vimepasuka. Yule mwenye utepe mwingi, kwa kuwa hacheki. Nilikuwa nikisimama kwenye baraza yetu pale Kibokoni, wakipita na mikoba yao, nawapima kwa macho mmoja mmoja. Namshukuru Mungu sikumtaja yeyote kwa kinywa.

Mmoja tu ndiye ambaye sikumshuku.

Tochi unaijua. Ile ndefu ya bati, yenye rangi nyekundu shingoni, tuliyoipaka kazini isichanganyike na za zamu nyingine. Ikikaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Jumatano moja nikielekea kazini nikapeleka mkono, msumari mtupu. Tukaigeuza nyumba, wewe ukitusaidia kutafuta chini ya kitanda, tukaikosa. Nikaenda bila tochi.

Asubuhi yake, natoka zamu, nikasema nipite skuli nikuone kwenye paredi. Hukujua naja. Nikasimama getini na bawabu. Mwalimu Kenga akauliza, "Haya, nani ana mikono safi wiki hii?" Ukatoka kwenye safu, ukapanda ngazi, na mkononi una tochi yenye shingo nyekundu.

"Nimeiokota penye mfereji, Mwalimu."

Watoto wakapiga makofi ya kilo. Bawabu akanigusa bega. "Si wako yule? Mashallah." Nawe ukainua uso ukaniona.

Na mimi nikapiga makofi.

Hilo wewe walijua, ulikuwapo. Usilolijua ni la baada ya hapo. Mlipoingia madarasani Mwalimu Kenga aliniita penye tangi la maji. Tochi alikuwa nayo mkononi.

"Baba Salma, tochi hii yafanana na za kazini kwenu."

"Tochi zafanana, Mwalimu."

"Ina rangi nyekundu shingoni."

"Rangi nyekundu zauzwa kila duka."

Akaipima mkononi kama mtu apimaye samaki. "Basi nitaiweka mpaka mwenyewe aje."

Nilidhani anitega. Nilidhani angoja niseme ndiyo, ni yangu, ili kesho akusimamishe pale ngazini akufedhehi mbele ya watoto wa mji mzima. Kwetu getini ndivyo tungefanya. Nikamuuliza, "Na huyo mwenyewe akija, aliyeiokota utamfanya nini?"

"Simfanyi kitu," akasema. "Mimi ndiye niliyefungua duka la sifa. Mtoto amekuja kununua kwa alichokiona nyumbani. Kosa ni la duka, si la mteja."

Sikuamini. Nilitafuta mtego ndani ya maneno yale nikaukosa, na kama ilivyokuwa kwa Karisa, kuukosa kukanizidishia shaka. Nikamwambia nina usingizi, nikaenda zangu.

Ulipokuwa mdogo kabisa tulikuwa na mchezo wetu. Nikirudi kazini wanikimbilia mlangoni, wanyanyua mikono, wasema, "Askari, sina kitu!" nami nakutekenya kwapani mpaka waanguka. Alasiri ile uliporudi skuli ulinikuta nimeamka nakungoja. Sikutaja tochi. Nikasema, "Lete mkoba nione." Ukacheka, ukanyanyua mikono, "Askari, sina kitu." Sikukutekenya. Nilifungua mkoba nikatoa kitabu kimoja kimoja. Ulikaa na mikono juu mpaka nilipomaliza.

Na kesho yake tena. Na siku zote zilizofuata, miaka na miaka, hata ukaingia sekondari. Mamako akisema, "Hii ni nyumba au godauni?" mimi namjibu kwamba mtoto wa kike wa siku hizi hulindwa. Sikuwahi kupata kitu. Ulikuwa ukifika mlangoni waweka mkoba chini, wanyanyua mikono, wangoja, uso huna wa kucheka wala wa kununa. Nilisema moyoni, amezoea. Niliona ni adabu.

Lakini nirudi kwa Mwalimu Kenga, kwa kuwa hili ndilo lenye faida kwako. Alhamisi iliyofuata hakumwita mtu kwa kuokota. Utepe aliuondoa. Aliweka sanduku la mbao penye mfereji, aliyeokota atie, aliyepoteza achukue, na halina mlinzi. Mimi niliposikia nilicheka. Nilisema wataiba mpaka sanduku lenyewe. Na kweli, kifuniko kiliibwa wiki ile ile. Nakwambia haya usije ukadhani pale palikuwa peponi.

Badala ya utepe alitoa kiti ofisini akakiweka ngazini, akamwita mmoja aliyepoteza kitu na kukipata. Si aliyeokota, aliyepoteza. Akamwambia, "Tueleze kitu chako." Wa kwanza alikuwa kijana wa darasa la tatu aliyepoteza gololi. Mlitusimulia mlipokuja nyumbani, wewe na mtoto wa jirani, mwashindana kusema. Alieleza alivyoishinda gololi ile kwa binamu yake, alivyolala nayo mdomoni nusura aimeze, na alivyotafuta kwenye mchanga mpaka adhana ya magharibi. Watoto wakamuuliza maswali mpaka kengele ikalia. Na Mwalimu Kenga hakufunga kwa mawaidha. Alisema tu, "Ahsante. Twende darasani." Mimi niliposikia hivyo nikasema huyu mwalimu ni mvivu, hata funzo hakutoa.

Kisha akaniita mimi. Alinifuata kwenye baraza, akakataa kahawa, akasema, "Baba Salma, tochi yako bado ninayo. Njoo Alhamisi uwaeleze watoto tochi ni kitu gani kwa mlinzi." Sikukana tena. Alinitazama vile ambavyo mtu hawezi kukana. Lakini nilikwenda nimejifunga kibwebwe, nikisema akianza kuleta maneno ya mwanangu nitamjibu hapo hapo ngazini.

Hakuleta. Nilikaa kwenye kiti kile, nikawaeleza yadi ya kontena usiku ilivyo. Nawe ulikuwa safu ya nne, umeinamisha kichwa. Watoto wakaanza.

"Mzee, ushawahi kushika mwizi?"

"Nishawahi."

"Alilia?"

"Alilia."

"Na wewe?"

Skuli nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kisha kasichana kadogo ka mbele, hata meno hakana, kakauliza, "Ile siku hukuwa na tochi, uliogopa?"

Salma, mimi sikuwa nimemwambia mtu, hata mamako. Nikasema, "Niliogopa. Kati ya kontena na kontena pana giza ambalo huoni hata mkono wako. Nilipita nasoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikapiga chuma kwa ufunguo ili kama yumo mtu anisikie aondoke." Hawakucheka. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Na aliyeiokota ulimwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Kwa nini?"

"Sijui," nikasema. Na lilikuwa jibu la kweli pekee nililolitoa juma lile.

"Ahsante," akasema Mwalimu Kenga. "Twende darasani."

Jioni ile nilikuwa nafunga kamba za buti, tochi imerudi msumarini. Ulikuja ukasimama mlangoni. Ukaniuliza, "Baba, leo utaogopa?" Nikasema, "La, leo ninayo tochi." Ukangoja kidogo, kisha ukaenda zako. Nimelifikiria sana swali lile. Ulikuwa umenifungulia mlango, mamangu, kwa mikono yako miwili midogo, nami niliangalia kamba za buti. Na kesho yake nikaupekua mkoba.

Penseli pale skuli hazikuacha kupotea. Zilirudi kupotea kwa kadiri ya watoto, basi. Lakini zile za kupotea ili ziokotwe zilikwisha.

Sasa hiyo paredi yako. Wimbo mzuri, usiuondoe. Igizo zuri zaidi, hasa wakilitunga wenyewe, ila jihadhari usimpe ubaya mtoto yule yule kila wiki, maana skuli ndogo haisahau. Fanya fupi. Watoto wa huko wametembea kutoka mbali na wengine hawajatia kitu tumboni. Paredi ndefu haijengi tabia, huangusha watoto kwa kizunguzungu. Kwenye dua kumbuka wako wetu na wako wa kanisani, na usimwachie kila mara mwenye sauti nzuri. Mtoto akikosa, asisimamishwe pale mbele. Na ukimaliza kisa, ona kama waweza kunyamaza. Ni kazi ngumu, mimi mwenyewe yanishinda, kama uonavyo katika barua hii.

Na ile nyota. Nina shaka nayo, sitakuficha. Naogopa watoto watauchunga wema wao mpaka uwe penye macho ya mwalimu. Naogopa mwenye sauti ataipata, na yule aliyemwachia mwenzake kivuli asijulikane. Ningekuwa mimi ningeweka kiti.

Lakini nimekaa hapa nikaishuku na shaka yangu. Maana wenzako walikuwa skuli ile ile, wakavaa utepe ule ule, na wengi wao waliutupa siku ya pili ukawa kitambaa cha kufungia nywele. Kwetu ndiko ulikopandishwa ukutani juu ya redio. Alhamisi kwa Alhamisi, aliyekuwa akiuliza "Leo umepata?" hakuwa Mwalimu Kenga. Yeye alisema duka ni lake, akalifunga. Mimi nililijua duka lilikuwa la nani hasa, nikamwacha aubebe mzigo. Kwa hivyo ukitaka kuweka nyota, iweke. Ila umuangalie mtoto akiondoka nayo, ujue ampelekea nani.

Leo alasiri ndipo nilipoona sina budi kuandika. Nilikuja chumbani kwako na kamba, nikitaka kuufunga ule mkoba mkubwa usifumuke njiani. Ulikuwa wazungumza na mamako habari za pasi. Uliponiona, bila kukatisha maneno, uliuvuta mkoba ukaniwekea mbele, ukafungua zipu yote, ukarudi nyuma hatua moja, na mikono yako ikapanda. Si juu sana. Hadi hapa kifuani. Mamako aliona, akanitazama. Sidhani wewe mwenyewe ulijua. Mikono ilinyanyuka yenyewe.

Nilisema, "Zipu yaonekana ina nguvu," nikaondoka na kamba yangu.

Ningekwambia haya uso kwa uso, lakini nimeogopa kwamba nikianza tu kusema "Salma, njoo," utaitweka mikono tena, nami sitaweza kumaliza. Kwa hivyo nimeyaandika. Huna deni la tochi, mwanangu, wala hujawahi kuwa nalo. Aliyepaswa kupekuliwa miaka yote hii ni yule aliyekuwa mlangoni.

Kesho nitakubebea mkoba mpaka feri, na nitavuka nawe hadi Likoni. Pale kwenye kuingia feri askari watakupekua, hiyo ni kazi yao, usiwachukie. Mimi nitatazama upande wa pili.

Huko uendako umeme ni wa kubahatisha, mwalimu mkuu hakukwambia kwa ile sauti yake ya asali, nimemuuliza dereva mmoja wa huko. Tochi ile ya zamani bado ni nzima, nimeitia betri mpya. Nilitaka kuitia mkobani mwako, lakini ingenibidi niufungue. Kwa hivyo iko mahali pake, kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukiitaka, ichukue. Usipoitaka, iache, usiseme kitu.

Barua hii naiweka juu ya mkoba, si ndani. Alfajiri nitakuwa msikitini, nikuombee kwa Mola akufikishe salama na akupe watoto wenye maswali. Nikirudi nitaingia kwa mlango wa uani, nisipite penye msumari.

Babako